Moto na Nyumba katika Nchi ya Chai

Mtu apitaye leo kwa gari kutoka Kericho kupitia Litein hadi Bomet huona kijani kulia na kushoto. Michai imekatwa vichwa sawasawa kama zulia lililotandikwa, nyuma yake imesimama mistari mirefu ya mikaratusi, na mbali zaidi, upande wa mashariki, msitu wa Mau umelala juu ya vilima kama wingu jeusi. Katika miezi mingi ya mwaka mvua hunyesha alasiri, na mvua ya mawe huanguka mara nyingi hata watoto hawaishangai. Ukimwambia mgeni huyo kwamba katika nchi hii watu wamewahi kupoteza mali yao kwa moto wa nyasi, atacheka. Wanafunzi wangu, waliozaliwa papa hapa, nao hucheka. Siwalaumu, kwa maana nami nilikuwa kama wao mpaka nilipotimiza umri wa miaka kumi na miwili. Habari hiyo nitaieleza mahali pake.

Nchi hii haikuwa ya chai tangu zamani. Kabla ya Waingereza kufika, Wakipsigis walikuwa wakiishi hapa kwa mifugo na wimbi, na sehemu kubwa ya vilima ilikuwa malisho. Mwisho wa kiangazi, nyasi zilipokwisha kukauka na kuwa ngumu, wafugaji walizitia moto ili mvua za kwanza zichipuze majani mabichi na kupe wapungue. Watu waliozoea kuwasha moto kwa namna hiyo hujifunza tabia zake. Hujua kwamba moto hupanda kilima upesi kuliko unavyoteremka. Hujua saa ambayo upepo huamka na saa ambayo hulala. Tena hujua kwamba mahali palipokwisha kuungua leo hapawezi kuungua tena kesho.

Nyumba zao zilikuwa za msonge, kuta za udongo na paa la nyasi, yaani paa ambalo cheche moja yatosha kuliangamiza. Lakini ng'ombe walilala karibu na nyumba, na kwato zao ziliukanyaga uwanja hata usiote jani. Moto uliotoka malishoni ulifika mwisho wa nyasi ukakosa chakula. Tena palikuwapo kokwet, yaani umoja wa majirani wa mahali pamoja, wenye wazee wake wa kuamua mashauri. Na kazi kubwa, kama kujenga na kuvuna, zilifanywa na majirani wote kwa pamoja. Ukemi ulipopigwa, kila mwenye nguvu alitoka. Aliyebaki nyumbani bila sababu alikuwa na maneno ya kujibu siku ya pili yake.

Halafu mambo yakageuka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa jeshi waliopata vilema vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na ardhi hatimaye ikawa ya makampuni ya chai. Katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay walianza kupanda michai penye vilima vilivyokuwa malisho na misitu. Yaliyowapata wenyeji walioondolewa katika ardhi yao ni habari ndefu na chungu, na wengine wameiandika vizuri kuliko niwezavyo mimi. Hapa nataka kutazama jambo moja dogo lililofuata, ambalo halikutazamwa sana: nchi iliyokuwa ikiungua kila mwaka iliacha kuungua.

Sababu yake si ya ajabu. Mchai uliokomaa na kutunzwa vizuri una majani mabichi mwaka mzima, na kivuli chake hufunika udongo hata magugu hayapati nafasi. Moto wa nyasi ukifika mahali kama hapo hupungua nguvu. Baadaye chai ilitoka katika mashamba ya Wazungu ikaingia katika mashamba ya wakulima wadogo, hasa baada ya shirika la kustawisha chai ya wakulima hao, KTDA, kuundwa katika mwaka wa 1964. Na katika mwaka wa 1986 serikali ilianzisha Kanda za Chai za Nyayo, yaani mikanda ya michai iliyopandwa kandokando ya misitu, ukiwamo msitu wa Mau, ili iwe mpaka kati ya miti na wakulima. Shabaha yake kubwa ilikuwa kuwazuia watu wasiendelee kukata msitu. Lakini ukanda wa majani mabichi ni kizuizi cha moto pia, apende asipende aliyeupanda.

Basi kwa muda wa vizazi viwili au vitatu tulikaa salama, na katika usalama huo tukasahau. Ng'ombe walipungua, na uwanja uliokuwa mtupu ukaota nyasi. Mabati yalichukua mahali pa nyasi juu ya nyumba kubwa, jambo lililo jema sana, lakini jiko na ghala viliendelea kuezekwa kwa nyasi. Tuliizungushia miji yetu ua wa miti ya saiprasi, ambayo kwa nje ni kijani na kwa ndani imejaa vijiti vikavu. Tulipanda mikaratusi karibu na madirisha, ingawa majani yake yana mafuta na magamba yake huanguka chini yakalala kama karatasi. Na kila baada ya miaka michache michai hupogolewa, na matawi yaliyokatwa huachwa shambani yakauke. Shamba la namna hiyo, katika mwezi wa Februari, si kizuizi cha moto hata kidogo.

(Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, nyumba nyingi katika Bonde la Ufa, na za sehemu zetu zikiwamo, zilichomwa kwa mikono ya watu. Huo ni moto wa aina nyingine, nao wastahili insha yake peke yake. Mimi nazungumzia moto usiojua jina la mtu.)

Sasa nifike kwenye habari niliyoahidi. Mwaka wa 2000 Kenya yote ilikuwa katika ukame mkubwa. Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kogo, aliishi upande wa Bomet, mahali mashamba ya chai yanapokoma na malisho kuanza. Alikuwa na nyumba ya mabati, jiko la nyasi, na ghala la mahindi lililoinuliwa juu ya miguu minne na kuezekwa kwa nyasi. Siku moja ya mwezi wa Februari, yapata saa saba za mchana, jirani mmoja wa bondeni alitia moto mabua ya mahindi ili asafishe shamba lake. Hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa saa aliyoichagua, kwa maana saa saba ndiyo saa ambayo jua limekausha kila kitu na upepo ndio kwanza waamka. Moto ukaruka mpaka wa shamba, ukaingia malishoni, ukaanza kupanda kilima kuja kwetu.

Kogo alikuwa akipukuchua maharagwe. Aliinua kichwa, akanusa, akasimama, akapiga ukemi ambao sijausikia tena mfano wake. Kisha alifanya mambo matatu bila kukimbia. Alimfungua ndama na mbuzi akawafukuza kuelekea barabarani. Alifunga mlango na madirisha ya nyumba. Akamchukua mtoto mdogo wa shangazi yangu mgongoni, akatushika sisi wengine mikono, akatuteremsha kwa njia ya kando, si mbele ya moto wala juu ya kilima, mpaka katikati ya shamba la chai la jirani wa pili. Mimi nilikumbuka begi langu la shule, nikageuka kulirudia. Alinipiga kofi. Ndilo kofi pekee alilowahi kunipiga, nami namshukuru kwalo.

Kutoka pale chaini tuliona majirani wakija. Akina mama walibeba magunia waliyoyalowesha kisimani, vijana walikata matawi mabichi, na wanaume walikuja na majembe. Mzee mmoja, ambaye siku nyingine tulimwona akiota jua tu, ndiye aliyechukua amri. "Ushikeni mbavuni!" alipaza sauti. "Asisimame mtu mbele ya uso wake!" Wakagawanyika makundi mawili, wakaupiga moto kutoka pande zote mbili, wakianzia nyuma palipokwisha kuungua na kuja mbele kidogo kidogo, huku wengine wakiparua ukanda wa udongo mtupu juu ya kilima, chini ya boma letu. Moto ulifika kwenye ukanda ule ukiwa umebanwa na kuwa mwembamba, ukafa yapata hatua arobaini kutoka mlangoni.

Watu walikuwa wamekwisha kuketi wakinywa maji, na wengine wakicheka kama wachekavyo watu waliotoka katika hofu, wakati ghala liliposhika moto. Hapakuwa na mwali wowote karibu nalo. Cheche iliyopeperushwa na upepo ilikuwa imetua juu ya paa lake nusu saa kabla, ikakaa humo ikijifukiza bila kuonekana. Mahindi yetu yote ya mwaka yaliteketea mbele ya watu zaidi ya thelathini, na maji yalikuwa yamekwisha. Wazee walikaa kikao, na yule aliyewasha akalipa magunia matatu, ambayo ndiyo yote aliyokuwa nayo. Mwaka ule tulikula mara moja kwa siku mpaka mavuno.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba lile la ghala lilikuwa bahati mbaya tu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu ndipo niliposoma habari za mtaalamu mmoja wa Marekani, Jack Cohen, aliyetumia maisha yake kuuliza swali moja: nyumba huunguaje katika moto wa msitu? Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walisimamisha kuta za mbao mbele ya msitu kaskazini mwa Kanada, wakautia msitu ule moto mkali. Ukuta uliokuwa mita 10 kutoka kwenye miti uliweza kushika moto. Ule wa mita 30 haukuungua. Wazo lililotokana na kazi hiyo ni kwamba ule ukuta wa ndimi za moto unaotutisha mara nyingi siyo unaochoma nyumba. Nyumba huchomwa na cheche zinazotangulia au kufuata, zikitua juu ya paa la nyasi, katika majani yaliyojaa kwenye mifereji ya kukingia maji ya mvua, katika kuni zilizopangwa ukutani, au kupitia dirisha lililosahauliwa wazi. Nilipolisoma jambo hilo niliweka kitabu chini. Kogo alikuwa amefunga madirisha, na nyumba ikapona. Juu ya ghala hapakuwa na mtu wa kulitazama.

Basi mtu wa Kericho au Bomet atakaye kuiokoa nyumba yake na aanze kazi katika mwezi wa Desemba, mvua zinapokoma, akiwa na jembe na ufagio. Nyasi zikatwe fupi kuizunguka nyumba mpaka umbali wa hatua thelathini, na zile zilizo karibu na ukuta ziparuliwe kabisa. Kuni zihamishwe mbali na ukuta, na mapipa ya mafuta ya taa na mitungi ya gesi vivyo hivyo. Paa na mifereji yake visafishwe. Ua wa saiprasi ukatwe matawi makavu ya ndani, ijapokuwa kazi hiyo huwasha mikono. Ghala na jiko, ikiwezekana, viezekwe kwa mabati; isipowezekana, pawepo ngazi na ndoo ya maji, na mtu ajuaye kwamba kazi yake ni paa lile tu. Na mwenye kuchoma mabua aarifu majirani, achague asubuhi na mapema au jioni upepo ulipolala, wala asiuache moto mpaka majivu yawe baridi. Kuwasha moto msituni bila ruhusa kumekatazwa na sheria za misitu, na sheria ya mwaka wa 2016 ilirudia katazo hilo.

Kuhusu siku yenyewe ya moto, swali gumu ni hili: kukaa au kuondoka? Wako watu walioliuliza swali hili kwa gharama kubwa. Katika jimbo la Victoria, huko Australia, wananchi walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi kwamba mtu aondoke mapema, au akae aitetee nyumba yake. Lilikuwa shauri la busara kwa moto wa kawaida. Tarehe 7 Februari 2009, katika joto lililopita digrii 46 mjini Melbourne na upepo wa kuvunja miti, ukaja moto usio wa kawaida. Watu 173 walikufa, na wengi wao walifia ndani ya nyumba zao au karibu nazo. Wengine walikuwa wamekaa kwa makusudi. Wengine walingoja kuona kwanza, na walipokwisha kuona hapakuwa tena na njia. Tume iliyochunguza msiba ule ilishauri kwamba siku za hatari kubwa kupita kiasi watu waondoke, hata wale waliojitayarisha.

Mwezi uliofuata, Machi 2009, moto uliwaka katika msitu wa Mau na katika mlima Longonot, kwa maana ukame ulikuwa umerudi kwetu pia. Siufananishi moto wetu na ule wa Australia. Lakini neno la kwamba kungoja kuona ndiko kunakoua ni la kweli huko na huku. Watoto, wazee, wagonjwa na akina mama wajawazito waondolewe moshi unapoonekana, hata ikiwa baadaye moto utageuka na watu wakawacheka. Wabaki wenye nguvu tu, nao wabaki ikiwa uwanja ni mtupu, maji yako, na njia ya kutokea iko wazi nyuma yao. Wavae nguo za pamba au sufu zinazofunika mikono na miguu, kwa maana nailoni huyeyuka juu ya ngozi. Simu ipigwe 999 au 112, na chifu na walinzi wa msitu waarifiwe, lakini tusijidanganye. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa serikali za kaunti, na gari la kaunti lina safari ndefu, na barabara zetu twazijua. Saa ya kwanza ni ya majirani.

Aondokaye asipande kilima. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila digrii 10 za mwinuko kasi ya moto huongezeka karibu mara mbili, na hakuna binadamu awezaye kushindana nao katika mteremko wa vilima vyetu. Aende kando, aelekee barabarani, au katika shamba lililolimwa, au mtoni, au katika chai iliyokomaa. Nasema iliyokomaa, wala si ile iliyopogolewa juzi.

Na je, aliyekwisha kuzingirwa? Katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana huko Marekani, tarehe 5 Agosti 1949, kundi la wazima moto lilifukuzwa na moto wa nyasi mlimani. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alipoona hawataufikia mgongo wa mlima, alichukua kiberiti akatia moto nyasi zilizokuwa mbele yake mwenyewe, kisha akaingia katika majivu yale akalala kifudifudi, akiwaita wenzake wamfuate. Wao walidhani amerukwa na akili, wakapita mbio. Wawili walifika kwenye miamba wakapona. Watu 13 walikufa. Moto mkubwa ulipita pande zote za Dodge bila kumgusa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kula pale alipolala.

Nimewasomea wanafunzi wangu habari hiyo mara nyingi, na kila mara natanguliza onyo: mtu asiwashe moto wa pili kwa kuiga, kwa maana mkononi mwa asiyejua moto huo wa pili ndio utakaomuua jirani. Lakini kuingia katika ardhi iliyokwisha kuungua, ikiwa iko karibu na mwali wa kuivuka ni mfupi, ni jambo ambalo kila mtoto wa mfugaji wa zamani angelijua bila kufundishwa. Yule mzee wa kwetu, aliyewaanzisha watu nyuma ya moto juu ya majivu, hakuwa amesikia jina la Mann Gulch.

Kisha moto ukizimwa, watu wasitawanyike. Mmoja akae juu ya ngazi, mmoja azunguke nyumba, mwingine atazame kuni na mashina ya miti, na wapokezane hivyo mpaka usiku. Jambo hili laonekana dogo, na watu wachovu hawalipendi. Sisi tungelilifanya, tungekula mara mbili kwa siku mwaka ule.

Kogo alijenga ghala jingine, mbali na mahali pa kwanza, akaliezeka kwa mabati aliyoyanunua moja moja kwa fedha za majani ya chai. Sasa ni mzee sana. Nilipokwenda kumwamkia Desemba iliyopita, nilimkuta ameinama na jembe dogo, akiparua nyasi kuanzia ukuta wa nyumba kuteremka upande wa bondeni. Nilimwambia, "Kogo, pumzika, mvua bado zanyesha." Hakunijibu. Alinitazama viatu vyangu vya ualimu, akaniambia nivivue, kwa sababu jembe la pili liko nyuma ya ghala.